Vidole Vinne

Dirisha la Ghanima halikuwa na pazia
nami sikuwa na futi ya kupimia.
Nikachukua uzi wa sufu, mwekundu,
uliosalia kwenye sweta niliyoifumua,
nikapanda kiti,
nikauvuta kutoka juu hadi ubao wa chini,
nikapiga fundo.
Huo ndio ukawa urefu wa dirisha:
fundo hadi fundo, bila namba.

Jumamosi, Barabara ya Belgrave, Leicester,
mvua isiyonyesha wala kukoma.
Dukani kwa Hasmukh majora yamesimama foleni
na yeye yuko nyuma ya meza
yenye mstari wa shaba uliolika kwa mikasi.
Akaniuliza kwa Kiingereza mita ngapi.
Nikamwonyesha uzi.
Akacheka, kisha akauliza upya
kwa Kiswahili cha Tanga alikozaliwa:
"Basi wari ngapi, mama?"

Wari!
Sijalisikia neno hilo tangu bibi yangu
apime kaniki kutoka ncha ya pua
hadi ncha ya kidole, mkono umenyooka,
na wateja wenye akili wakimngoja yeye
wasije wakapimiwa na dada yake
mwenye mikono mifupi.

Hasmukh akaulaza uzi mezani, akahesabu.
Wari moja na nusu, na kidogo.
"Hicho kidogo," akasema, "nakupa."

Nchi hii nayo haijaamua.
Maziwa kwa painti, petroli kwa lita,
safari kwa maili, mbio za shule kwa mita.
Kliniki, nesi Maureen aliniuliza nina mawe mangapi.
Nikamwambia figo zangu nzima, asante.
Kumbe jiwe ni ratili kumi na nne,
na mimi ni mawe kumi na moja.
Nilipiga hesabu njia nzima ndani ya basi:
mafiga ya majiko matatu,
yakabaki mawili.

Usiku nikashona. Nikatundika.
Pazia likaishia hewani,
vidole vinne juu ya ubao.

Ghanima akaja na rula, na daftari la hesabu
lenye swali lililomkwamisha:
andika kipimo kinachofaa,
urefu wa penseli, uzito wa tembo, ujazo wa kikombe.
Akaliacha, akapima mwanya.
"Sentimita saba na nusu."
Akauokota uzi, akauvuta, akauachia,
akauvuta tena.
"Dirishani uliuvuta, mama. Dukani ulilala.
Kipimo hakitakiwi kuchoka."

Nilitaka kumjibu kwamba mkono wa bibi haukuchoka.
Ulichoka.
Mwaka wake wa mwisho kiwiko kilikataa kunyooka,
wari yake ikawa fupi kuliko ya dada yake.
Wateja walijua.
Walikunja kaniki zao, wakalipa ileile.

Jumatatu nilinunua futi ya chuma,
pauni moja na peni tisini na tisa,
inchi upande huu, sentimita upande ule,
na ukiibonyeza hurudi ndani yenyewe kama ulimi.
Nimepima mlango, friji, paji la uso la mtoto.
Pazia sijalirefusha.

Sasa ni mwezi wa sita,
saa kumi na moja kasorobo alfajiri.
Neno zuri, kasorobo:
hesabu inayokiri upungufu wake.
Jua linapenya chini ya pazia,
linalala sakafuni, jembamba, refu,
na Ghanima, ambaye shule haikumtuma,
ameweka alama za penseli kwenye mbao
mahali ncha ya nuru inapofika, na tarehe.
Ya leo imeivuka ya jana
kwa upana wa msumari.
Hajaandika ni kipimo gani.
Ameacha nafasi.